Sauti Ndani ya Piano ya Kanazi

Mjukuu wangu Mugisha,

Niwie radhi kwa kimya kirefu. Sisi wa Hamugembe tu wazima; bibi yako anaanika kahawa.

Umeuliza kama mdogo wako, mwenye hali ya Down, ataweza kujifunza piano. Ujanani nilimfundisha Koku, mtoto mwenye hali hiyohiyo, kanisani Kanazi. Siku moja alibonyeza noti ya do, akalaza shavu juu ya mbao za piano, asiinue kidole.

"Nenda re!" nikafoka.

"Shii, Mwalimu! Bado inaimba."

Nikalaza shavu langu pia. Kweli, sauti ilikuwa ingali humo, nyembamba kama uzi. Miaka yote ya kupiga piano sikuwahi kuisikia.

Wazee wa usharika wanataka kuiuza piano hiyo. Nimewasihi wamwachie mdogo wako. Wakishaamua, nitakuandikia siku hiyohiyo.

Babu yako