Probably ya Daktari

Butiama,
Jumatano.

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mguu wako umepoa na hapo Manyamanyama mnaamka salama. Sisi tupo, ila moyo wangu haujatulia. Ningepiga simu, lakini nyumba hii kila pembe ina masikio, ndiyo maana nampa jirani yangu Susana barua hii akija mnadani Bunda.

Mama, mjukuu wako Felisian sasa anaitwa Burito. Alikuwaga anavimba mikono na miguu, analia mpaka sauti inakauka. Mama mkwe akasema kuna mzee wa ukoo anadai jina. Wakataja marehemu mmoja mmoja. Walipofika kwa Burito, babu yake mume wangu Fredi, mtoto akanyamaza, akashika ziwa. Wote wakafurahi, hata mimi. Haikupita muda uvimbe ukarudi.

Nikampeleka hospitali Musoma. Daktari akamgusagusa vidole, akamwambia nesi, "Probably sickle cell." Nesi akanifafanulia kuwa huenda ni selimundu, ugonjwa wa damu, nirudi mtoto apimwe. Mimi na darasa langu la saba, hiyo "probably" ikanikaa kifuani. Nikamuuliza shemeji Nicolaus, aliyemaliza kidato cha nne. Akasema siyo sawa na "maybe". Maybe ni labda tu, huku na huku. Probably imeshaegemea upande. Ukiona wingu limekuwa zito juu ya ziwa, ndipo unasema probably itanyesha.

Jumapili iliyofuata nikamngoja padri baada ya misa, nikamuuliza hiyo "probably". Alicheka kidogo, akasema hajawahi kuulizwa hilo na mama mwenye mtoto mgongoni. Akaeleza kwamba neno limetoka kwenye Kilatini, kwenye kupima jambo na kulithibitisha. Nikajiambia, kumbe lenyewe linataka kipimo. Nilipomgusia mama mkwe habari ya kipimo, akasema, "Mama Burito, mtoto ameshapata jina lake. Unamtafutia na ugonjwa?" Anasemaga hivyo kwa upendo, ndiyo maana inaniuma. Na Fredi anamsikiliza mama yake.

Sasa nikwambie, Mama. Ijumaa niliaga kwamba naenda kumsalimia rafiki yangu Diana, Kamunyonge, kule Musoma. Sikufika kwake. Nilimpeleka mtoto akatolewa damu, na jana nimefuata majibu. Daktari safari hii hakusema probably. Burito anayo.

Nesi amesema dawa zipo, kliniki ipo, na wapo wengi wenye selimundu wamekua, wanasoma. Amesema pia imetoka kwangu na kwa Fredi, sote wawili. Hapo ndipo naogopa: watasema nimekuja nayo kutoka kwetu. Fredi bado hajui. Nataka kumwambia Jumapili hii, mama yake akiwepo, na sitaki siku hiyo nikae peke yangu. Njoo, Mama. Usiseme kitu, kaa tu karibu yangu.

Mpe mdogo wangu Lucy salamu, na majirani wote wanaoniulizia. Burito amelala hapa mgongoni. Ana joto kidogo tu.

Mimi mwanao, ninayetazama barabara,
Jenipher