Dua niliyomwombea Latifa

Waridi, uko? Nimeharibu. Wallahi nimeharibu.

Unajua Latifa wa darasa letu la jioni amekwenda Bukavu. Si kununua vitenge kama alivyoaga! Daktari anamkata ngozi ya tumbo iliyolegea tangu azae mapacha, anaikaza. Aliniambia mimi peke yangu.

Leo kwenye dua ya akina mama wakauliza, "Nani ana mgonjwa?" Kila mtu akataja wake. Nami nikasimama: "Mumwombee Latifa, leo anafanyiwa operesheni Bukavu."

Mbele ya mama mkwe wake, Waridi! Mbele yake!

Akaangua kilio. "Mutoto wa watu anakufa na mimi sijui!" Akampigia mwanawe, mume wa Latifa, kule Salamabila. Nikaogopa, nikasema, "Mama, hafi. Ni ngozi ya tumbo tu, inakazwa ipendeze."

Akafuta machozi. Halafu: "Kumbe nalilia urembo?"

Wengine wakacheka. Yeye hakucheka. Na mwanawe ameshapanda pikipiki kumfuata mkewe Bukavu, simu haimpati.

Sasa hivi Latifa ameniandikia: "Nimeamka salama. Nilijua unaniombea, moyo ukatulia. Asante kwa kunifichia siri."

Nimeswali, nimelia, bado sijamjibu.