Hati Yangu Sitawapelekea

Mama,

Hii ni wiki ya sita tangu tukuzike. Sikuandika mapema kwa sababu kila nilipoanza, kalamu ilitoboa karatasi. Nina hasira. Ulinifundisha nisiseme uongo hata wa adabu, basi sitausema.

Mchungaji hakuja kukuzika. Wazee wa kanisa walisema umekufa ukiwa umetengwa, na kanuni hairuhusu kanisa kumzika aliyetengwa. Kwaya haikuja. Akina mama uliowapikia kwenye harusi za binti zao walisafiri hadi kwetu Makueni, lakini bila vitambaa vyao vya chama, wakasimama mbali na kaburi kama watu wanaopita njia. Aliyekuombea ni Mama Shiro, yule uliyekuwa ukinunua sukuma wiki kwake Kangemi. Aliomba kwa Kikuyu. Watu wa kwetu hawakuelewa hata neno moja, lakini walisema amina.

Miaka kumi na miwili ulikaa benchi la nyuma. Nilikuwa na miaka mitatu uliponileta nyumbani Mountain View, hapa Nairobi, na Jumapili iliyofuata Mzee Mutua akakuuliza mtoto huyu ni wa nani. Ukasema, “Ni wangu.” Huna mume, una mtoto, basi wakaamua wenyewe kwamba ulinizaa na kunificha kwa nyanya. Wakataka usimame mbele ya watu utubu. Ukakataa, wakakutenga. Tangu hapo, siku za meza ya Bwana, sahani ya mkate ilipofika kwetu iliinuliwa na kupitishwa juu ya kichwa chako. Nilipokuwa mdogo nilidhani hupendi ule mkate.

Aunti Ndinda ndiye aliyefichua siri. Tulikuwa mochari, pale Upper Hill, wazee wamekuja kutueleza kanuni yao, naye akashindwa kuvumilia. “Mmemhukumu dada yangu bure. Mtoto huyu hakumzaa, alimwasili. Hati ya korti iko kabatini.” Wazee wakajibu kwamba kanuni ni kanuni mpaka hati isomwe. Aunti alitaka kukutetea, usimkasirikie. Mimi nilikuwa najua tangu nikiwa na miaka saba, uliponieleza ukinisuka nywele. Wao ndio hawakujua, na hukutaka wajue.

Sasa sikia. Jumamosi iliyopita, darasa la ubatizo, tulisoma barua ambayo mtume aliwaandikia watu waliokwisha kuwekwa huru kisha wakatamani kurudi chini ya sheria. Mzee Mutua alifundisha vizuri, lazima niseme. Alisema Mungu hakutuchukua tuwe watumishi wa kuhesabiwa makosa, ametuasili, na mtoto aliyeasiliwa hurithi sawa na wa kuzaliwa. Tukaandika. Kisha akafunga daftari lake, akaniita mbele.

“Mwende, kumbe mama yako hakuwa na kosa. Leta hiyo hati tuisome kanisani, jina lake litoke kwenye orodha ya waliotengwa. Na wewe ubatizwe ukiwa msafi.”

Alikuwa anatabasamu, Mama, kama mtu anayenipa zawadi.

Nikarudi kukaa. Mercy, mwenzangu wa darasa, akaninong'oneza, “Si uilete tu, yaishe. Kwani sasa nani hajui wewe ni wa kuokotwa?”

Nilitaka kuileta. Nakuambia ukweli. Nilifika nyumbani nikaitoa kabatini, nikafikiri, itasomwa dakika mbili na Mama atakuwa huru. Kisha nikaisoma. Kizungu chake ni kigumu, lakini inasema mimi ni mtoto wako kana kwamba ulinizaa. Korti imeelewa. Wazee wa kanisa hawajaelewa. Kwa hiyo kama ningetoka tumboni mwako ningekuwa uchafu, na kwa kuwa nimetoka kwenye makao ya watoto wewe ni msafi? Huo ndio uhuru waliotuandikisha kwenye daftari?

Jumapili nilimfuata Mzee Mutua baada ya ibada. Nilimwambia, “Mzee, na wewe Mungu amekuasili. Nani amekuomba hati?”

Akasema nina mdomo kama wa mama yangu. Nikamshukuru. Akasema basi, bila hati hakuna ubatizo.

Hata wewe, Mama, nina hasira nawe. Makanisa yamejaa Nairobi nzima, kwa nini hukuhama? Nilikuuliza mara moja, ukasema, “Mtumwa ndiye hutoroka. Mimi niko kwa Baba yangu.” Sikukubali siku ile. Bado sijakubali vizuri. Ningependa ungekuwa umekula ule mkate mahali fulani, popote, kabla hujafa.

Lakini hati sitawapelekea. Hukukosa kitu, hakuna cha kusafisha, na mimi si ushahidi wa kukutetea. Mwezi ujao wenzangu watabatizwa, nami nitakuwepo niwaimbie, kwa sababu Mercy anaogopa maji na ameniomba nisimame karibu. Mwakani nitaomba tena, mikono mitupu. Na mwaka utakaofuata. Natumaini hawatachukua miaka kumi na miwili. Nilimwona Mzee Mutua akinitazama wakati wa kutoka, na hakuwa akitabasamu tena.

Pumzika sasa, Mama, usisumbuke kwa ajili yao. Nakuahidi sitaondoka, na nakuahidi sitawachukia. Hiyo ya pili nitaianza kesho. Leo bado siwezi.

Mwanao,
Mwende