Yaya Numbi, Nimemujibu Mama Monga

Yaya Numbi,

Dada yangu mukubwa wa jikoni, unisamehe, mukono yangu haizoee barua. Mwanangu Kapinga alinipa karatasi ya masomo yake, akauliza nataka kuandikia nani. Nikamwambia, rafiki. Sikumwambia kama huyo rafiki tulimuzika wakati ya mvua.

Jikoni ya shule iko vile vile uliiacha. Batoto benye kulala shuleni bangali bengi, moshi ingali inaingia mu macho, na ile sufuria yako kubwa yenye sikio moja, sasa miye njo nasonga bukari, ugali yetu, ndani yake. Lakini mukubwa wa jikoni ni Mama Monga. Na tangu ulienda, yale maneno yamerudi.

Unayajua. Tukichekecha unga, wadudu bakionekana, anasema: "Ngalula, ndugu zako bamekuya kukusalimia." Bote banacheka. Sababu miye niko wa Kasai, na bilulu, wadudu, njo jina yenye bantu ba hapa balituita ule mwaka balitufukuza. Zamani, mutu akifungua tu kinywa, weye ulimukata: "Mumuache. Huyu ni Muluba sawa sisi Baluba ba hapa, alipotea njia tu." Bantu banacheka, na miye nacheka, maneno inakufa. Nilizania ile ilikuwa kazi yako tu, sawa kuwasha moto asubuhi. Sasa moto nauwasha miye, lakini majibu yako sikuyapata.

Yaya, nakukasirikia kidogo. Ulinifundisha kusonga bukari ya shule muzima bila kuungua. Mbona haukunifundisha kujibu?

Nilienda kwa bwana ekonome, ule anaangalia chakula na wafanyakazi ba jikoni. Nikamwelezea pole pole, nimeshika mikono nyuma. Akasema hapa kazini hakuna kabila, sisi bote ni Bakongomani, sasa nani analeta kabila, siyo weye? Nikatoka pale sawa vile miye njo nilitukana mutu. Hiyo njo inanichoma. Ukinyamaza, banakuita mududu. Ukisema, banasema unagawanya bantu.

Lakini aliita mukutano. Na miye, na kichwa yangu hii, nikafikiri neno kubwa vile haiwezi kusemwa na Kiswahili ya jikoni. Nikamuomba Kapinga anitafutie Kifaransa. Juma muzima nilikuwa naisemea sufuria. Siku yenyewe nikasimama, nikatoa maneno mbili tatu, zingine zote zikanikimbia. Nikabaki nashika kitenge yangu. Balinipigia makofi, ile makofi ya huruma, tukarudi kazini. Tangu pale Mama Monga ananiita Madamu. Nilienda kuondoa jina moja, nikarudi na mbili.

Sasa sikia. Juma iliyopita tunachekecha unga, na bilulu bakatokea. Mama Monga akasema yake. Sijui nini ilinishika. Nikatua chekeche chini. Nikasema na Kiswahili yetu tu, ile ya kuombana chumvi:

"Mama Monga, hiyo jina niliisikia pa gare, niko mutoto, tunangoja treni ya kuturudisha Kasai, mama yangu ananiziba masikio na mikono yake. Miye niko wa Kasai. Weye uko wa hapa. Kusema vile haiko haya. Lakini kati yetu hakuna mududu."

Sauti ilitetemeka, Yaya, lakini haikukatika.

Akasema: "Nilikuwa nacheka tu, mama."

Nikamwambia: "Najua. Sasa angalia uso yangu. Miye sicheki."

Hakuna mwenye alicheka. Saa sita tukakula mu sahani moja sawa siku zote, yeye upande ule, miye upande huu, hakuniangalia. Mpaka leo hajaniomba musamaha. Bwana ekonome amesikia, anapita bila kunisalimia. Naogopa. Kila asubuhi njiani najiambia, leo batanifukuza, na Kapinga hajamaliza masomo. Na unajua vile miye, usiku nabeba maneno yote tena.

Lakini kitu inanikasirisha kushinda Mama Monga, ni Kabange, ule aliyekuwa anakata sombe, majani ya muhogo, na weye. Alinifuata mpaka pa bomba ya maji, akaangalia nyuma, akasema pole pole: "Ulisema muzuri." Mbona pa bomba? Jikoni kinywa yake ilikuwa wapi? Nilishukuru, nikajaza ndoo yangu, nikaenda. Nilitaka kulia. Nikafikiri, weye ungemwambia arudi, akaseme pale pale penye moto.

Basi, lala muzuri. Kwa luga yenu nakuambia wafwako, asante, kwa siku zote ulisimama mbele yangu. Miye nilizoea kukaa mu kivuli yako, na kivuli imeondoka. Sitangoja tena mutu wa kunisemea. Kesho tutachekecha tena. Bilulu bakitokea, nitabamwangia kuku. Na mutu akibaita ndugu zangu, nitatua chekeche tena. Nakuahidi, ata sauti ikitetemeka.

Ni miye, wa sufuria yako,
Ngalula