Mabamba ya Kaka Yako Yanapasuka

Chapwa,
S.L.P. 41,
Tunduma.
14 Juni 2025

Mpendwa wifi yangu Conjesta,

Hujambo huko Kitwe, ng'ambo ya mpaka? Mguu umepungua uvimbe, au bado unaupaka yale mafuta ya mganga wenu? Mumeo, Mzee Balthazar, anakula vizuri? Sisi huku ni wazima, tunamshukuru Mungu. Baridi ya mwezi huu inauma mpaka kwenye meno, lakini mahindi yameshaingia ndani, na Dina wangu amenipita kwa urefu. Ukimwona hutamjua, na wewe ulivyoshakuwa Mbemba kama wenyeji wa huko, sidhani kama hata mimi utanijua.

Ujumbe wako wa wiki iliyopita niliupata. Sikukujibu kwa simu kwa sababu simu yako hushikwa na kila anayepita kwako, na haya ni ya macho yako peke yako. Umeniomba nimfundishe kaka yako Yonasi kazi, eti damu ni nzito kuliko maji. Tulia basi, unisome mpaka mwisho.

Siku ya kuondoa matanga ya Zabron hukuwepo, mguu ulikulaza. Najua kwenu vifaa vya fundi aliyekufa hurudi kwa ndugu zake, nimeolewa humo na sikupinga. Lakini mume wangu hakuwa na mwezi kaburini, Yonasi akaja na kirikuu, akapakia mashine ya kukunjia mabamba. Mashine ile nusu yake ni shamba langu la kahawa la kijijini kwetu Ruanda, niliuza kwa mkono wangu. Akapakia na grenda, na mashine ya kuchomelea. Akaniachia nyundo, bomba la maji na vyuma viwili vya engo, vile vyenye pembe kama herufi L, akaviita chakavu. Halafu akasema mbele ya wazee kwamba mwanamke hukunja kanga, hakunji chuma. Watu wakacheka, na wengine walikuwa bado wana ugali wangu mkononi.

 Palepale kwenye mkeka niliapa kwamba mtu huyu atakuja kusimama langoni kwangu, tena mchana, watu wakimwona.

Miaka kumi na mitano nilimshikia Zabron ncha ya pili ya kila bamba. Walidhani nilikuwa nafumba macho? Nilipovua nguo nyeusi nikaanza mwenyewe uani, nyuma ya jiko. Bamba la unene wa mili tatu nalibana kwa bolti katikati ya vile vyuma viwili vya engo, naweka bomba juu ya sehemu iliyotokeza, naegemea kwa uzito wangu wote, na uzito, wifi, unajua ninao. Kisha namalizia kwa nyundo. Kinga moja ya kufunika sampu, lile bakuli la oili ya injini chini ya gari, hunimalizia siku nzima. Yonasi na mashine anatoa sita.

Ila barabara ya Ndalambo haiheshimu mashine. Yuko mama mmoja mfugaji wa bondeni, Kabula, alifungiwa kinga na Yonasi kwenye pikapu yake. Jiwe moja tu, ikapasuka kwenye kunjo, sampu ikatoboka, oili yote ikamwagika. Akashinda porini na ndama wanne kwenye bodi. Alifika kwangu na hasira zake, nikamkunjia nyingine, na ipo mpaka leo imejaa mikwaruzo bila ufa. Wafugaji hawana siri. Sasa wanakuja hadi wanaegesha mbele ya kanisa, na Yonasi mlangoni kwake anahesabu nzi.

Siri yenyewe ndiyo hii, nakupa, usije ukasema nilikuficha. Bamba jipya ukilifuta kwa kitambaa chenye mafuta ya taa utaona mistari myembamba imelala upande mmoja, kama nyuzi za ubao. Kunjo lazima liikate mistari hiyo. Ukikunja kwa kuifuata, bamba litakubali na litapendeza, lakini likigongwa litapasuka palepale. Zabron alikuwa akichora mshale wa chaki kufuata mistari hiyo kabla hajakata. Yonasi hukata vyovyote ilimradi apate vipande vingi, asibakize hata ukanda wa kidole. Uroho wake ndio unaompasulia mabamba. Malipo ni hapa hapa duniani.

Jumanne alikuja. Saa sita mchana, Kabula yupo, na wateja wengine wawili wamekaa kwenye benchi. Alishika kofia mkononi. Nilimwacha asimame juani mpaka nikamaliza kunjo langu.

“Shemeji,” akasema, “chukua mashine yako. Nionyeshe tu nakosea wapi.”

“Baki nayo, shemeji,” nikamwambia. “Mimi nakunja kanga.”

Kabula alicheka mpaka akajishika kiuno. Nami nilifurahi, sitakudanganya. Tangu tumzike Zabron sijala kwa hamu kama nilivyokula mchana ule.

Lakini alipogeuka kuondoka, mgongo wake ulikuwa mgongo wa Zabron kabisa, bega la kushoto limeshuka. Nikaingia jikoni nikalia. Sikumwita.

Mchungaji ananiambia nisamehe, na wewe unaniambia nisamehe. Nitasamehe siku nitakayosikia amefunga karakana. Najua siyo sala nzuri, ila ndiyo niliyo nayo.

Nisalimie Mzee Balthazar, Tuntufye na mkewe Violet, na mama mkubwa akiamka vizuri. Mungu auponye mguu wako na akulinde na baridi ya ugenini.

Wewe ni dada yake Yonasi, na ulikuwa dada yake Zabron. Siri unayo sasa, na sitakuuliza kama umeitoa. Nitaangalia mabamba ya kaka yako tu. Yakiacha kupasuka, nitajua.

Ni mimi wifi yako, nikupendaye hadi leo,

Marita