Uvimbe Uliozaliwa Vizuri

Jumatatu, 16 Juni 2025

Arua, hospitali. Wamenichoma sindano kwenye uvimbe wa titi la kushoto, wakavuta kitu kidogo cha kupima. Majibu Alhamisi. Anayejua ni kaka yangu Severino tu. Mama akisikia ataita kijiji kizima cha Aroi kuniombea. Naogopa. Nimeandika, basi.

Alhamisi, 19 Juni 2025

Si kansa! Si kansa, si kansa!

Daktari alisema "benign". Nikamkodolea macho. Hiyo ni nini? Akasema uvimbe usio na madhara, nirudi baadaye waangalie tena. Nililia mbele ya foleni nzima na sikuona haya.

Nikarudi Koboko moja kwa moja kwa Severino. Alitoka seminari bila upadri, ila Kilatini alikuja nacho, na kuku wake wanakisikia kila siku. Alifurahi hata akasahau kunipa kiti. Benignus, akasema. Bene ni vizuri, gignere ni kuzaa — aliyezaliwa vizuri. Mtu mpole Waingereza humwita hivyo, hata hali ya hewa nzuri. Na malignant, nikauliza, ile kansa yenyewe? Huyo amezaliwa vibaya, akasema, na hatujamwona leo.

Nilicheka mpaka nikakohoa. Kwetu Walugbara mtoto hubeba shida za nyumba kwenye jina. Mimi Candiru, mateso. Uvimbe wangu una jina zuri kuliko mimi! Leo nimekula nikashiba.

Jumapili, 22 Juni 2025

Aroi, kwa mama. Baada ya misa nilimweleza yote: sindano, hofu, Kilatini cha Severino. Nilitegemea anigombeze kwa kumficha. Hakunigombeza. Alisonga ugali mpaka ukaiva.

"Walisema iko nazaliwa muzuri?"

Nikasema ndiyo, mama.

Akashusha pumzi. "Basi Mungu iko. Wewe natoka kwa tumbo yangu. Hii yangu pia iko namna hiyo."

Akauchukua mkono wangu akauweka kwapani mwake. Kuna kitu kigumu. Kikubwa kuliko changu. Nikauliza tangu lini — tangu Pasaka ya mwaka jana, hakutaka kutusumbua.

Sasa yuko nje na jirani, anacheka kama msichana. Nasikia anamsimulia lile neno. Nimejifungia chumbani. Nimemwambia kesho asubuhi twende Arua. Ya nini, anasema, majibu si wewe umeshaleta —