Ushuhuda Wangu wa Mawaridi

Jumanne, mtaa wa Satellite

Nimeaibika. Jumapili nilisimama kanisani nikashuhudia kwamba Mungu ameyatunza mawaridi yangu wiki tatu bila mvua wala maji ya mfereji. Leo alfajiri nimemkuta dada yangu Wambui akiyamwagilia maji aliyosuuzia nguo. Wambui, niliyemwambia hana imani. Hatukuwa tumesemezana tangu siku niliyomwambia hivyo.

"Mbona hukuniambia?"

"Ungenijibu?" Kisha akacheka. "Halafu nikukatizie ushuhuda, mtumishi?"

Nilikuwa nimemwomba Mungu anionyeshe mkono wake. Ulikuwa na povu la sabuni.

Bado sijamwomba msamaha. Naogopa atanisamehe upesi, kana kwamba halikuwa neno, nami nitabaki na...

Taa ya chumba chake bado inawaka. Naenda.